Mshiko wa tabaka la metali lililonyunyizwa kwa moto: mwongozo kwa karakana za Unguja na Pemba

Shafti ya pampu ikilika pale inapopita kamba ya kuzibia maji, fundi huwa na njia tatu za kuchagua: kununua mpya, kuijaza kwa kuchomelea, au kuinyunyizia metali. Mpya huagizwa na kusubiriwa. Kuchomelea huingiza joto jingi mahali padogo, na shafti ndefu nyembamba hupinda hata fundi awe hodari namna gani. Kunyunyiza kuna faida moja kubwa, nayo ni kwamba waya au unga huyeyushwa ndani ya bunduki, ukarushwa kwa hewa kwa namna ya chembe ndogo sana, na shafti yenyewe haihitaji kupita joto la digrii 150 za Selsiasi. Haipindi, na ugumu wake wa asili haubadiliki. Ufundi huu ulianzishwa na Max Ulrich Schoop wa Uswisi mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo msingi wake ni uleule.

Faida hiyo ina bei yake. Kwa kuwa shafti haiyeyuki, tabaka jipya haliungani nayo kama mshono wa kuchomelea unavyoungana na chuma. Kila chembe inayoruka hufika ikiwa imeyeyuka au imelainika, hujibamiza juu ya chuma, hujitandaza kama kipande chembamba cha mikroni chache (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kisha huganda kwa muda mfupi kuliko jicho linavyoweza kuona. Inapoganda husinyaa, na katika kusinyaa huko hung'ang'ania vilele na mabonde ya uso wa chuma. Mshiko mwingi hutokana na kung'ang'ania huku. Sehemu ndogo hutokana na metali mbili kugusana kwa ukaribu mkubwa, na hilo hutokea tu pale ambapo hakuna kutu, mafuta, chumvi wala maji kati yake. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba mshiko huamuliwa kabla bunduki haijawashwa, na kwamba katika visiwa vyetu, ambako upepo wa bahari hufika mpaka ndani ya karakana, matayarisho yanataka uangalifu zaidi kuliko vitabu vya nchi kavu na baridi vinavyoeleza.

Mwongozo huu unafuata kazi moja kama mfano: shafti ya feleji yenye kipenyo cha milimita 60, ya pampu ya maji matamu, iliyochimbika kiasi cha milimita 0.8 kwenye eneo la kamba ya kuzibia. Pampu za namna hii ziko katika visima vyetu, hotelini, na katika viwanda vinavyotumia mvuke.

Hatua ya kwanza: kuamua kama kazi inafaa kunyunyizwa

Tabaka lililonyunyizwa hustahimili msuguano na mgandamizo. Halistahimili kugongwa, halistahimili mzigo unaokusanyika kwenye mstari au nukta moja, na haliongezi nguvu yoyote ya shafti. Kwa hiyo meno ya gia, ncha za majembe, na mahali ambapo roli za beringi hupita moja kwa moja juu ya shafti si pa kunyunyiza kwa njia hii. Shafti ikikatwa mpaka kipenyo kilichobaki kisiweze kubeba mzigo wake, tabaka litakaloongezwa halitaisaidia. Hesabu ya nguvu ifanywe kwa kipenyo kilichobaki baada ya kukerezwa. Shafti yenye ufa isinyunyizwe kabisa, kwa sababu tabaka litauficha ufa bila kuuzuia, na ni bora kuipima kwanza kwa dawa ya rangi inayopenya nyufa.

Shafti za propela zinastahili tahadhari ya pekee. Tabaka hili lina vitundu vidogo vidogo, na maji ya bahari yakipenya humo hufika kwenye chuma cha chini na kuanzisha kutu iliyojificha, ambayo hulinyanyua tabaka kutoka chini. Chombo kikiwa kinabeba abiria, kazi ya shafti yake isianze kabla mkaguzi wa vyombo hajaridhia kwa maandishi aina ya matengenezo na metali itakayotumika.

Hatua ya pili: kukereza na kuandaa umbo

Shafti hufungwa kwenye leth, yaani mashine ya kukereza, na eneo lililolika hukatwa mpaka uchakavu wote uishe na kina kiwe sawa pande zote. Katika mfano wetu tunakata milimita 1 kila upande, kipenyo kikabaki milimita 58. Kukata kidogo kuliko hapo hakushauriwi, kwa sababu tabaka litakalobaki baada ya kusagwa litakuwa jembamba na litapasuka upesi. Kukata sana pia kuna hasara yake, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri: kila chembe inayosinyaa huacha mvuto ndani ya tabaka, na mvuto huo hukusanyika kadiri tabaka linavyonenepa. Tabaka nene hujivuta lenyewe kutoka kwenye chuma, na huanza kunyanyuka kwenye kingo.

Kwa hiyo kingo ndizo za kuangaliwa. Mwisho wa eneo lililokatwa usiwe ukuta wa wima wenye pembe kali, kwa kuwa chembe hazifiki vizuri kwenye kona na vumbi hujikusanya humo. Ukate mteremko wa digrii 30 hadi 45, na pale mteremko unapokutana na sakafu ya shimo uachwe mviringo mdogo. Tabaka lisiishie kwenye ncha kabisa ya shafti. Liachwe bega dogo la chuma cha asili ili kingo ya tabaka iwe imekingwa. Mfereji wa kabari uzibwe kwa kipande cha grafaiti au cha chuma kilichochongwa, ambacho kitaondolewa baada ya kazi.

Ukerezaji huu wa mwisho ufanywe bila mafuta ya kupozea. Mafundi wa zamani walikuwa wakikata hesi nyembamba juu ya shafti ili tabaka lipate pa kushikia, na njia hiyo bado inafaa kwa tabaka nene, ila hesi huacha makovu yanayoweza kuzaa nyufa katika shafti inayobeba mzigo wa kugeuka-geuka. Kwa shafti ya pampu, kupiga chenga kwa usahihi, yaani kuurushia uso chembe ngumu zenye kingo kali kwa hewa ya kompresa, kunatosha.

Hatua ya tatu: kuondoa mafuta na chumvi

Hivi ni vitu viwili tofauti na kila kimoja kina dawa yake. Mafuta huondolewa kwa asetoni au kiyeyushi kingine kisichoacha masalia. Mafuta ya taa na petroli hayafai, kwa kuwa yakikauka huacha utando mwembamba wa mafuta ambao macho hayauoni. Kitambaa kiwe safi, na kigeuzwe kila mara, kwani kitambaa kilichokwisha kunywa mafuta huyatandaza tu kutoka mahali pamoja hadi pengine. Baada ya hapo hakuna mkono mtupu unaoruhusiwa kugusa eneo hilo.

Chuma cha kusubu, kama bodi ya pampu au silinda ya injini ya zamani, hunywa mafuta miaka na miaka kupitia vitundu na vipande vya kaboni vilivyomo ndani yake. Kukipangusa hakutoshi. Kinapaswa kupashwa moto taratibu mpaka digrii 300 hivi, mafuta yatoke jasho na kuungua, kipangushwe, kisha kirudiwe tena mpaka moshi ukome.

Chumvi ndiyo inayosahaulika, na kwetu ndiyo yenye madhara makubwa. Asetoni haiyeyushi chumvi. Kipande kilichotoka kwenye boti, au kilichokaa nje ya karakana ya Malindi, Unguja, au Mkoani, Pemba, kwa wiki moja tu, kina chumvi juu yake na ndani ya vishimo vya kutu. Kikipigwa chenga kabla ya kuoshwa, chumvi ile hugongelewa ndani ya chuma. Kinachotakiwa ni kukiosha kwa maji matamu mengi na brashi, ikiwezekana kwa pampu ya maji ya kasi, kabla ya hatua yoyote nyingine. Hapa pana jambo la kuzingatia: maji ya visima vingi vya mwambao wetu yana chumvichumvi, kwa sababu bahari huingia chini kwa chini kupitia miamba ya matumbawe. Kuoshea maji ya namna hiyo ni kuongeza tatizo. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi safi ni bora zaidi, na suuza ya mwisho iwe kwa maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri.

Dalili ya chumvi iliyobaki ni rahisi kuitambua. Chuma kilichopigwa chenga vizuri huwa na rangi ya kijivu iliyo sawa kila mahali. Ukiona madoadoa meusi au ya rangi ya kahawia yanarudi ndani ya nusu saa, hasa kwenye vishimo, chumvi bado imo. Usinyunyize. Osha tena, kausha kwa hewa ya moto, piga chenga tena.

Hatua ya nne: kupiga chenga

Hakuna hatua inayobeba mshiko zaidi ya hii, na hakuna inayofanywa kwa haraka zaidi yake. Lengo lake ni mawili: kuondoa kila alama ya kutu mpaka kiwango cha juu kabisa cha usafi, kile ambacho kanuni ya kimataifa ya ISO 8501-1 inakiita Sa 3, na kuuacha uso ukiwa na vilele vikali vya kushikia. Uso uliosafishwa lakini ukawa laini haufai, na uso mkwaruzo wenye kutu haufai vilevile.

Swali la kwanza ambalo watu wa visiwani huuliza ni kama mchanga wa pwani unaweza kutumika. Jibu ni hapana, kwa sababu ambazo fundi anapaswa kuweza kumweleza mteja wake. Mchanga mweupe wa fukwe zetu umetokana na matumbawe na makombe, yaani asili yake ni chokaa. Chokaa ina ugumu wa takribani 3 katika kipimo cha Mohs, ilhali alumina, oksidi ngumu ya alumini inayotumika kama chenga, ina 9. Mchanga huo ukigonga feleji huvunjika na kuwa unga mweupe badala ya kuchimba, na unga huo hubaki umeganda kwenye mabonde ya uso pamoja na chumvi ya bahari. Mchanga wa ndani ulio na kwazi, madini magumu ya silika, ni mgumu zaidi, lakini vumbi lake huharibu mapafu bila kupona, na nchi nyingi zimeupiga marufuku kwa kazi hii. Ninalisisitiza hili kwa moyo wote, kwa kuwa ugonjwa wa mapafu wa vumbi la kwazi humjia fundi miaka mingi baadaye, wakati hakuna tena la kufanya.

Kinachotakiwa ni chenga za alumina zenye kingo kali, za ukubwa wa namba 24 au 16 kwa tabaka nene kama letu. Gololi ndogo za chuma zisitumike, kwa sababu hugonga na kuulaza uso badala ya kuuchana. Chenga zilizotumika mara nyingi hupoteza kingo zake. Zichekechwe ili vumbi litoke, na zikianza kuonekana mviringo chini ya kioo cha kukuzia, zibadilishwe. Chenga zilizosafishia rangi ya boti au chuma chenye grisi zisirudi katika kazi ya kunyunyiza.

Hewa ya kompresa iwe ya shinikizo la baa 4 hadi 6 kwa feleji. Kwa shaba na alumini ishushwe mpaka baa 2 au 3, kwa sababu metali laini humeza chenga, na chenga iliyomezwa huwa kizuizi kati ya tabaka na chuma. Nozeli iwe umbali wa milimita 100 hadi 150, ielekezwe karibu wima, na shafti izunguke polepole ili pasiwe na mahali palipopigwa zaidi. Chuma kilichotiwa ugumu mkubwa, kinachopita 45 katika kipimo cha Rockwell C, hukataa kuchimbwa, na chenga huteleza juu yake. Hapo tabaka la kushikia, ambalo nitalieleza mbele, halina budi kutumika.

Hewa yenyewe ichunguzwe kila asubuhi. Katika masika, na hata siku za kaskazi zenye fukuto, kompresa hunyonya hewa iliyojaa unyevu na kuitema maji. Tangi litolewe maji kabla ya kazi na katikati ya kazi, kichujio cha maji na mafuta kiwepo karibu na bunduki, kisha hewa ipulizwe juu ya karatasi nyeupe kwa dakika moja. Karatasi ikipata doa la mafuta au la maji, kazi isimame mpaka chanzo kipatikane.

Ukwaruzo unaotakiwa, kutoka kilele hadi bonde, ni kama mikroni 50 hadi 75, na unaweza kufika 100 kwa tabaka nene. Wasio na kifaa cha kupimia watumie tepu ya kunakili uso pamoja na maikromita, au wailinganishe kazi yao na kipande cha mfano kilichopimwa mahali pengine. Mwisho, vumbi lipulizwe kwa hewa safi. Lisipangushwe kwa kitambaa, kwa sababu vilele vikali hukamata nyuzi.

Pamoja na shafti, vipigwe chenga vipande vidogo vya majaribio vya feleji ileile, vitano kama vinapatikana, kwa mkono uleule na hewa ileile. Fundi asiyetengeneza vipande hivi hana njia ya kujua mshiko wa kazi yake bila kuiharibu.

Hatua ya tano: saa, umande na moto wa kwanza

Kuanzia chenga ya mwisho, saa inahesabu. Katika nchi kavu huruhusiwa hata saa mbili kati ya kupiga chenga na kunyunyiza. Kwetu nashauri nusu saa isipite, na bunduki, waya na gesi viwe vimeshawekwa tayari kabla ya chenga kuanza.

Hewa yenye joto la digrii 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kabisa Unguja, huanza kutoa umande juu ya kitu chochote chenye digrii 26. Kanuni ya kazi ni kwamba chuma kiwe na joto la angalau digrii 3 juu ya kiwango hicho cha umande. Shafti iliyolala usiku kucha juu ya sakafu ya saruji inaweza kuwa na digrii 26 au 27 asubuhi, na hapo hubeba utando wa maji ambao haujitokezi kwa matone. Ndiyo sababu kazi nzuri hufanywa baada ya jua kupanda, na miezi ya kusi, yenye hewa kavu zaidi, ndiyo inayofaa kwa kazi kubwa.

Kupasha moto hufuata, nako kuna hila yake. Mwale wa asetilini na oksijeni, au wa gesi ya kupikia, hutoa mvuke wa maji katika kuungua kwake. Ukielekezwa kwenye chuma baridi, mvuke huo hugeuka umande juu ya uso uleule tuliouhangaikia. Kwa hiyo mwale uanze kwenye sehemu za shafti zilizo kando ya eneo la kazi, joto lisafiri ndani ya chuma chenyewe, na eneo la kazi liguswe pale tu linapokwisha kupata moto. Shafti yetu ifikishwe digrii 90 hadi 120. Ikionekana rangi ya manjano au buluu juu ya chuma, joto limezidi na utando wa oksidi umeota. Eneo hilo lipigwe chenga upya. Joto lipimwe kwa chaki za joto au kipimajoto cha kugusa, kwani kile cha miale hudanganyika kwenye chuma kinachong'aa.

Moto huu una kazi ya pili. Shafti iliyopanuka kwa joto hupoa na kusinyaa pamoja na tabaka, hivyo mvuto kati yao hupungua. Juu ya shafti, kusinyaa kwa tabaka hulifanya liikumbatie zaidi. Ndani ya tundu, kama nyumba ya beringi, mambo hugeuka: tabaka likisinyaa hujivuta kuelekea katikati na kujibandua. Kazi ya ndani ya tundu kwa hiyo inataka moto zaidi na tabaka jembamba zaidi.

Hatua ya sita: kunyunyiza

Tabaka la kwanza ni la kushikia, nalo kwa kawaida ni la waya wa nikeli na alumini, asilimia 95 kwa 5, au la molibdeni. Mchanganyiko wa nikeli na alumini hutoa joto la ziada unapoungana hewani, na molibdeni huyeyuka kwenye digrii 2,620 hivi, kwa hiyo chembe zake hufika zikiwa na moto wa kutosha kujishika hata kwenye uso mlaini. Unene wa milimita 0.1 unatosha. Kulinenepesha tabaka hili si kuongeza mshiko. Kazi yake ni kuacha uso mkwaruzo na safi kwa ajili ya tabaka la kazi.

Tabaka la kazi katika mfano wetu ni la feleji yenye asilimia 13 ya kromiamu, ambayo ni ngumu na hustahimili kamba ya kuzibia. Lifuate mara moja, shafti isiachwe kupoa wala karakana kwenda kula. Kasi ya uso iwe kama mita 20 kwa dakika, ambayo kwa kipenyo cha milimita 60 ni mizunguko 106 hivi kwa dakika. Bunduki iwe milimita 100 hadi 150 kutoka kwenye shafti na ielekezwe wima. Ikilala chini ya digrii 45, chembe huteleza, huacha vivuli nyuma ya vilele, na tabaka hujaa vitundu. Kwenye miteremko ya kingo, bunduki igeuzwe kidogo ili ikabili mteremko.

Kila pito liwe jembamba. Fundi mwenye haraka huongeza kasi ya waya na kusogeza bunduki polepole, joto likapanda kupita digrii 150, na tabaka linapopoa linapasuka. Hewa safi ya kupozea ielekezwe upande wa pili wa shafti, na kama joto linapanda bado, simamisha bunduki huku shafti ikiendelea kuzunguka. Tunaendelea mpaka kipenyo kifike milimita 60.7 hivi ili pabaki pa kusaga. Unapopima ikiwa na moto, kumbuka kwamba feleji ya milimita 60 iliyo digrii 100 ni kubwa kwa milimita 0.05 kuliko ilivyo kwenye digrii 30.

Usalama wakati huu si jambo la kupitisha. Asetilini isizidi baa 1, mafuta au grisi isiguse mtambo wa oksijeni, masikio na macho yakingwe, na fundi avae kinyago chenye kichujio cha moshi wa metali, kwani moshi wa nikeli na kromiamu ni sumu. Kitambaa cha puani hakizuii chochote.

Hatua ya saba: kupoza, kuziba na kusaga

Shafti ipoe yenyewe huku ikizunguka, isimwagiwe maji wala kupulizwa. Ikiwa bado na vuguvugu, ipakwe dawa ya kuziba vitundu, kama epoksi nyepesi au resini ya finoliki, inywe mpaka ikatae. Kuziba kabla ya kusaga huzuia maji ya kupozea kuingia ndani ya tabaka.

Kusaga kwa jiwe ni bora kuliko kukata kwa kisu. Kisu kikitumika, kiwe cha kabaidi chenye makali mapya na kikate kidogo kidogo, kikianzia kingoni kuelekea katikati, kwa maana kinachotoka katikati kwenda kingoni hubandua kingo.

Hatua ya nane: kupima mshiko na kusoma palipovunjika

Kugonga tabaka kwa nyundo ndogo na kusikiliza kunasaidia kugundua sehemu iliyokwisha kubanduka, ambayo hutoa mlio mfu, lakini hakumwambii fundi mshiko ni kiasi gani. Kwa hilo vipo vile vipande vya majaribio vilivyonyunyiziwa pamoja na shafti.

Kanuni za ISO 14916 na ASTM C633 zinaeleza jaribio lenyewe. Kipande cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 25 hunyunyiziwa usoni, hugundishwa kwa epoksi na kipande kingine kinacholingana nacho, kisha viwili hivyo huvutwa kwa mstari ulionyooka mpaka viachane. Nguvu iliyotumika hugawanywa kwa eneo. Kipenyo cha milimita 25 kina eneo la milimita za mraba 491, kwa hiyo kikiachana kwa nyutoni 12,000 mshiko ni megapaskali 24 hivi. Kwa karakana isiyo na mashine ya kuvutia, kipo kifaa cha mkononi kinachobandua vitufe vilivyogundishwa, kile cha wakaguzi wa rangi za meli, ingawa uwezo wake una kikomo. Mvuto ukienda upande hata kidogo, namba itakuwa ya chini kuliko ukweli.

Kwa bunduki ya mwale na waya wa feleji, mshiko wa megapaskali 15 hadi 35 ni wa kawaida. Bunduki ya cheche za umeme hutoa zaidi, na mtambo wa mwale wa kasi kubwa unaonyunyiza kabaidi ya tangsteni hupita megapaskali 70, kiasi kwamba gundi ndiyo huachia kwanza.

Namba peke yake, hata hivyo, ni nusu ya jibu. Nusu nyingine iko kwenye nyuso mbili zilizoachana. Gundi ikiwa ndiyo iliyokatika, na tabaka limebaki zima, kilichopimwa ni gundi, na mshiko wa kweli uko juu ya namba hiyo. Epoksi ya dukani huachia mapema sana, na fundi akiandika namba yake kama mshiko wa tabaka atakuwa ameidhulumu kazi yake. Tabaka likikatika katikati, nusu ikabaki chini na nusu ikaenda juu, basi chembe hazikushikana zenyewe kwa zenyewe: pito lilikuwa nene, bunduki ilikuwa mbali, au oksidi ilizidi. Chuma cha chini kikionekana kitupu, mshiko ndio ulioshindwa, na makosa yatafutwe katika hatua ya tatu, ya nne na ya tano. Tahadhari moja: tabaka likiwa jembamba kuliko milimita 0.38, gundi huweza kupenya vitundu mpaka ikashika chuma cha chini, na jaribio likatoa namba nzuri isiyo na ukweli.

Chuma kitupu nacho kina habari zake kikiangaliwa kwa kioo cha kukuzia. Kikiwa cheusi au kahawia, kutu iliota kabla ya kunyunyiza. Kikiwa cha manjano au buluu, moto wa kwanza ulizidi. Kikionyesha nukta nyeupe zilizozama, chenga zimemezwa. Kikiwa safi, cha kijivu na kinachong'aa bila ukwaruzo, chenga zilikuwa zimechakaa au shinikizo lilikuwa dogo. Mabanzi yaliyobanduka kutoka kwenye mashine baada ya miezi ya kazi husomwa kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo mteja aombwe kuyahifadhi na kuyaleta. Shafti iliyobanduka isijazwe juu ya mabaki. Tabaka lote likatwe mpaka chuma cha asili kionekane kila upande, ioshwe kwa maji matamu, na kazi ianze upya kutoka hatua ya tatu.